Kibaba cha Tele Kwenye Lango la Bwana Murtaza

Nguvumali, Tanga
9 Juni 2002

Shangazi Mastura mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta huna la kulalamikia, isipokuwa yale unayopenda mwenyewe kuyalalamikia. Sie huku hatujambo. Baba anakusalimu. Tangu astaafu bandarini amekuwa fundi wa kila kitu humu ndani, na kila alichokitengeneza imebidi kiitiwe fundi mwingine. Mama amezipata zile khanga ulizomletea. Anasema jina lililoandikwa juu yake limemchoma jirani fulani, na ndivyo alivyotaka.

Umeuliza kwa nini siku hizi nachelewa kukujibu. Nina kazi mpya, palepale dukani kwa Bwana Murtaza Sherali, lakini si ile ya kukaa kaunta na kuwauzia watu dakika za intaneti. Amenikabidhi lango.

Najua utauliza lango gani, kwa hiyo nakueleza. Juu ya paa la duka kuna dishi kubwa. Intaneti yote tunayoiuza inashukia hapo, inapita kwenye kompyuta moja iliyoko chumba cha nyuma, kisha inagawanywa kwa waya na antena kwenda kwa wateja. Kompyuta hiyo ndiyo lango. Wateja ni kafe yetu wenyewe, zahanati ya masista, shule moja, mawakala wa mizigo ya bandarini, ofisi ya mkonge na wengine wadogo wadogo. Njia ya kutoka dishini ni moja na ni nyembamba. Akitokea mtu mmoja akavuta kwa nguvu, wengine wote hubaki kutazama kioo.

Mtu huyo yupo. Ni Bwana Tahiri, wakala wa mizigo, ambaye vijana wa ofisini kwake wanashusha nyimbo na sinema kutwa. Sista Praxeda wa zahanati akitaka kumtumia daktari wa Dar es Salaam picha ya eksirei, anaanza asubuhi na adhuhuri bado anaisubiri iondoke. Bwana Murtaza akaniambia niwawekee watu kikomo. Nikakaa na vitabu, nikaandika amri zangu langoni, kila mteja akapata kipande chake asichoweza kukivuka. Imefanya kazi shangazi, nilitamani ungekuwepo uone.

Ila wateja wamenuna. Bwana Tahiri amemwambia Bwana Murtaza kwamba binti aliyemweka ana mkono wa birika. Na Bwana Murtaza ni mtu wa duka, hapendi mteja anayetoka amekunja uso. Ndipo nikakukumbuka wewe. Ulishika duka la kijiji miaka ile ya foleni, wakati sabuni ilikuwa habari ya mjini, na hata leo nikifika Moa watu hunipa samaki kwa sababu yako. Ulifanyaje ukagawa kidogo, na watu wakakupenda?

Ingekuwa Moa kuna simu ningekuandikia kwa imeili. Lakini nakujua, ungenitaka niandike upya kwa mkono.

Mwanao,
Hasina


Moa
30 Juni 2002

Mwanangu Hasina,

Marahaba, na nyingine ya akiba, maana unapotea. Barua yako konda wa gari la Moa alikaa nayo mfukoni mpaka ikanuka petroli. Mie mzima. Goti ndilo lenye siku zake. Jirani yangu Mwatumu amemwoza binti yake wiki iliyopita. Pilau liliungua chini, lakini mpishi alitoka upande wa bwana harusi, kwa hiyo tulilisifu sana.

Wabaadu. Nimeisoma habari ya lango lako nikairudia. Sikuelewa hilo dishi linashusha vipi kitu kisichoonekana, na sitaki kuelezwa tena, kichwa kitaniuma bure. Lakini kwenye kugawa usinifundishe. Miaka ile lori la sukari lilikuja lilipojisikia, na watu walianza kupanga ndoo na mawe kwenye foleni kabla hata habari hazijathibitika. Mimi ndiye niliyesimama ndani ya duka na kibaba mkononi, na kijiji kizima kinanitazama vidole.

Kuna kibaba cha mfuto na kuna kibaba cha tele. Cha mfuto unapitisha kijiti juu, sukari inakuwa sawasawa na ukingo. Cha tele unaiacha isimame kichuguu. Mtu ukimpimia mfuto anarudi nyumbani akihesabu ulichomnyima. Mpimie tele, hata kama kibaba chenyewe ni kidogo, na mkono wako ufanye kama unamwongezea yeye peke yake. Mteja hatazami kibaba, mwanangu. Anatazama mkono wako unafanya nini baada ya kibaba kujaa.

Wewe umewapimia mfuto. Ndiyo maana wamenuna. Wape nyongeza, wape wote, na hasa huyo Tahiri. Mwenye pupa ukimnyima anapiga kelele, ukimwongezea anaona haya. Duka lisilo na nyongeza ni kuta na mlango tu.

Na huyo Tahiri, kabla sijasahau, ana mke? Nauliza kwa faida ya wengine.

Shangazi yako,
Mastura


Nguvumali, Tanga
28 Julai 2002

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bwana Tahiri ana wake wawili na wote wanamzidi sauti, kwa hiyo tuendelee na mengine. Huku ni wazima. Baba ametengeneza bomba la uani, na sasa tunachota maji kwa jirani.

Nimefanya ulivyosema. Kila mteja nimemwongezea theluthi juu ya kipande chake, kisha nikampitia kila mmoja ofisini kwake kumwambia kwa mdomo wangu kwamba nimemwongezea. Shangazi, ni kama nimewagawia Idi. Bwana Tahiri ameleta sahani ya halua. Sista Praxeda amenishika mikono miwili akaniambia picha zake sasa zinaondoka kabla chai haijapoa. Kafe nayo imejaa watu, hata wale waliokuwa wamehamia kwa mshindani wetu wamerudi, wanajifanya walikuwa safarini.

Bwana Murtaza amefurahi mpaka ametafuta wateja wapya: wakili mmoja, hoteli mbili na duka la dawa. Wote nimewapimia tele.

Nimekaa nikafikiri jinsi ulivyokuwa. Mwanamke peke yake ndani ya duka, lori haliji, kila mtu ana mtoto anayelia nyumbani, na bado watu walitoka mle ndani wakikuombea dua. Mimi nina mashine inayonisaidia kugawa. Wewe ulikuwa na mkono tu. Najivunia kuwa wa kwenu.

Mwanao,
Hasina


Moa
25 Agosti 2002

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepumzika, nami nimelipumzisha na kusemwa. Barua yako nimeisoma kwa sauti barazani kwa Mwatumu, nikairudia kwa mke wa imamu, na wanunuzi wa samaki wameisikia wapende wasipende. Sasa Moa nzima inajua kwamba intaneti ya Tanga inapimwa kwa kibaba changu. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nimejitunza mwenyewe kabla hawajakumbuka.

Nitumie picha yako ukiwa kwenye hilo lango. Usivae ile miwani. Na mwambie kaka yangu Mwinyijuma asinitumie salamu kama mtu wa mbali, aje mwenyewe, nina mlango ambao haujaharibika bado.

Shangazi yako,
Mastura


Nguvumali, Tanga
6 Oktoba 2002

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Nisamehe ukimya, na picha sijapiga.

Mambo yameharibika kazini. Tangu mwanzo wa Septemba, ikifika saa nne asubuhi, lango linajaa na kila mtu anakwama, mwenye kipande kikubwa na mwenye kidogo. Wakili anapiga simu, hoteli zinapiga simu. Sista Praxeda hapigi simu, anakuja mwenyewe na kukaa kwenye benchi bila kusema neno, na hilo ndilo baya zaidi.

Bwana Murtaza amemwita mpwa wake Burhanuddin kutoka Dar es Salaam. Ni mtu wa heshima na kazi hii anaijua. Rai yake ni fupi: wabaki wateja watatu wakubwa, wadogo wakatwe. Bwana Murtaza ananipenda, lakini mpwa ni mpwa na hasara ni hasara. Amenipa muda mpaka Idi. Kama asubuhi hazijatulia, funguo za chumba cha nyuma anapewa Burhanuddin, mimi narudi kaunta, na zahanati na shule zinakatwa pamoja na wengine.

Kosa ni hesabu yangu mahali fulani. Naitafuta. Wewe usihangaike.

Mwanao,
Hasina


Moa
15 Oktoba 2002

Mwanangu Hasina,

Marahaba. Barua yako fupi imenisumbua kuliko ndefu zote ulizowahi kuniandikia. Umeniambia nani kakasirika na nani kakaa kwenye benchi, lakini hujaniambia kwa nini, na wewe tangu mdogo ukinyamazia jambo huwa unalijua.

Nakuuliza swali moja. Ile nyongeza uliyowapa, bado wanayo?

Usinijibu kwa mzunguko. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeshika duka miaka, najua gunia linavyosikika linapoelekea mwisho. Mara nyingine sukari iliisha kabla ya foleni, na watu wa mkiani walirudi na mifuko yao mikavu, wakasema mengi kunihusu mpaka msikitini. Gunia lilikuwa dogo. Hilo ndilo jibu langu la siku ile na la leo.

Naingoja barua yako. Konda nimemwambia akikaa nayo mfukoni tena nitampigia kelele mbele ya abiria wake.

Shangazi yako,
Mastura


Moa
4 Desemba 2002

Mwanangu,

Ramadhani inakwisha na sijapata jibu. Swali langu lilikuwa moja tu, si mtihani wa darasa la saba.

Nilikuwa na safari ndogo juzi ya kufuata dawa ya goti. Nimerudi salama, sina la kueleza. Mwatumu anakusalimu. Kama hutaki kunijibu, basi mwambie baba yako anijibu, ingawa yeye akitengeneza jibu itabidi niite mtu mwingine.

Nawatakia Idi njema wote hapo nyumbani.

Shangazi yako,
Mastura


Nguvumali, Tanga
8 Desemba 2002

Shangazi mpenzi,

Shikamoo na Idi Mubarak. Huku tumeila Idi vizuri. Mama amepika mkate wa kumimina na Baba amezuiwa kugusa kitu chochote chenye skrubu. Leo nakuandikia yote, kwa sababu leo naweza.

Ulichouliza ni kweli. Ilikuwa nyongeza. Mwanzoni mwa Oktoba nilikaa nikajumlisha ahadi zangu zote, vipande pamoja na nyongeza zake, zikapita upana wa njia yenyewe. Nilikuwa nimewaahidi watu sukari isiyokuwemo guniani. Julai haikuonekana kwa sababu shule ilikuwa imetoka likizo ndefu, mkonge walikuwa na kazi chache, na nusu ya foleni haikufika dukani. Walipofika wote, pamoja na wale wapya, njia haikuwatosha.

Sikukuandikia hilo kwa sababu ushauri ulikuwa wako, na ulinipa kwa mapenzi. Kujumlisha ilikuwa kazi yangu, wewe huna dishi. Niliona nikikwambia utalichukua na kulibeba, nami nakujua unavyobeba vitu. Bwana Murtaza naye nilimwambia hesabu ni yangu, nikaishia hapo.

Nilitaka kuifuta nyongeza yote nirudi kwenye mfuto. Nilishaanza hata kuandika amri. Jioni moja ya mwanzo wa Ramadhani tumekaa kufuturu, Mama anagawa uji wa pilipili manga kutoka chungu kimoja, na kwetu kama unavyojua hapakosi watoto wa jirani na mgeni aliyekutwa njiani na adhana. Baba alikuwa wa kwanza kupewa bakuli, akalimaliza, akanyoosha mkono apewe la pili wakati wengine hawajapata la kwanza. Mama hakumnyima. Alimwambia asubiri kila mtu apate lake, kitakachobaki chunguni ni chake hata kama ni nusu chungu. Na kweli kilibaki, Baba akanywa mpaka akafungua vifungo vya kanzu. Nikabaki na bakuli mkononi sinywi.

Kwa hiyo sikuiondoa nyongeza, niliibadilishia mahali inapotoka. Sasa kila mteja ana namba mbili langoni. Ya kwanza ni haki yake. Hiyo anaipata hata wateja wote waje kwa pamoja, na haki zote nikizijumlisha hazifiki upana wa njia. Ya pili ni kikomo, mahali anaporuhusiwa kupanda ikiwa wenzake hawatumii vya kwao. Bwana Tahiri akiwa peke yake mchana wa joto, na apande. Sista Praxeda akigusa tu kompyuta yake, haki yake inamrudia papo hapo na Bwana Tahiri anashuka. Hakuna anayepigiwa simu wala kuombwa. Na njia yenyewe siitumii yote, nabakiza kidogo. Ikijaa kabisa, foleni inakwenda kupangika huko juu dishi linakochukulia, ambako hakuna anayemjua Sista Praxeda. Nikibakiza, foleni inapangika kwangu, ninapoiona.

Usidhani nimevumbua. Walioandika programu ya lango waliliweka jambo hilo zamani, na mimi siku ya kwanza nililipitia juu juu kwa haraka ya kumpendeza kila mtu.

Jaribio likawa Jumatatu ya mwisho ya Ramadhani. Bandarini kulikuwa na meli mbili, mawakala wote wako kazini, na kafe imejaa watu wanaotuma salamu za Idi Muscat na Uingereza. Burhanuddin alisimama nyuma ya kiti changu tangu saa tatu. Saa nne ikafika, namba zikapanda zote, kisha zikatulia mahali pake, kila moja kwenye haki yake. Bwana Tahiri alikuja mwenyewe kunigombeza, nikamjibu, akaondoka. Picha ya Sista ikaenda. Saa tano Burhanuddin alimfuata mjomba wake dukani. Nilimsikia akimwambia kwamba yeye angekata watu na asingejua kwamba si lazima. Kisha akasema, "Mwachie funguo, mjomba."

Funguo ninazo. Zahanati ipo, shule ipo, na wadogo wote wapo. Burhanuddin kabla hajaondoka alikaa na mimi siku nzima akiuliza jinsi nilivyopanga haki na vikomo. Anasema ataweka hivyo hivyo kwenye lango lake la Dar es Salaam. Nimefurahi shangazi, nimefurahi kiasi kwamba mara nyingine nakwenda chumba cha nyuma bila kazi yoyote nikazitazame namba zikipanda na kushuka.

Liko jambo dogo sijalielewa. Bwana Murtaza ameniuliza kama nina ndugu wa kike wa makamo anayechechemea. Nikamwambia kwetu kila mwenye makamo anachechemea, kwa nini? Akacheka akakataa kuendelea. Safari yako ya dawa ya goti, shangazi, hiyo dawa inauzwa wapi?

Mwanao,
Hasina


Moa
29 Desemba 2002

Mwanangu Hasina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, sikuisomea mtu barazani, kwa sababu kuna mahali sauti ingenikatika na Mwatumu angepata la kusimulia mwaka mzima.

Basi nitasema, maana ukishaanza kuuliza hukomi. Nilikuja Tanga. Ulipokaa kimya nilijua ni nyongeza. Sikuhitaji dishi kujua. Nikaona mtoto anataka kupokonywa kazi yake kwa neno langu, na anaficha ili nisione. Hiyo haikunikalia vizuri. Nikajifunga baibui, nikapanda gari la alfajiri, na njia nzima kutoka Moa nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bwana Murtaza. Nilitaka kumwambia kwamba hesabu si ya mtoto, ni ya mwanamke wa shamba aliyezoea sukari, na kama kuna wa kulaumiwa basi mimi nimesimama mbele yake, anitazame vizuri. Yalikuwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga kama ya kuposa.

Nimefika, Bwana Murtaza ana watu, nikaambiwa nisubiri. Nikakaa kwenye benchi la kafe, pembeni ya mtawa mmoja mwembamba aliyenisogezea nafasi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikakuona kwa mgongo. Umekonda. Nyuma yako kasimama kijana wa shati la mikono mirefu, na mbele yako kioo kina mistari inayotembea. Nilitaka kukuita, nikaona mabega yako, nikaacha. Mtu akishika kibaba haitwi.

Ndipo akaingia yule bwana. Sikuambiwa jina lake, lakini tumbo lake lilinitosha kumjua. Alipita kaunta bila salamu mpaka mlangoni kwako, akasema kwa sauti ya watu wote:

"We binti, meli yangu iko nje inahesabu saa. N'fungulie njia yote, hao wengine watangoja."

Nikashika benchi. Najua wanaume wale. Nimewaona wakija na mifuko mikubwa na sauti kama ile ile, miaka ile. Wewe uligeuza kiti ukamtazama usoni, hukupandisha sauti, ukamwambia:

"Shikamoo Bwana Tahiri. Chako unacho chote, hakuna aliyekigusa. Unachokitaka sasa ni cha zahanati, na hicho si changu kukupa."

Akasema atakusemea kwa tajiri wako. Ukamwambia tajiri yuko dukani, mlango ule. Kisha ukamwambia kwamba wenzake wakimaliza, njia itamfungukia yenyewe bila yeye kuja na jua lote hili. Akautazama ule mlango wa dukani. Kisha akageuka, akaondoka. Na wewe ulirudi kwenye kioo chako kama mtu aliyefukuza nzi, hukugeuka hata kuona nani amekutazama. Mtawa aliye pembeni yangu akatoa pumzi. Baadaye kidogo simu yake ya mkononi ikalia, akamuuliza mtu kama picha imeondoka, akafanya ishara ya msalaba, nami nikasema alhamdulillahi, na hatukuwa tumeambizana jina.

Gunia la duka la Moa lilikuwa dogo. Nitasema hivyo mpaka nizikwe. Lakini lako pia ni dogo, mwanangu, nimeliona kwa macho yangu, na mtu wa mkiani alipata.

Sijawahi kukusifu usoni pako, kwa sababu watoto wa kaka yangu wakisifiwa huacha kuosha vyombo. Sasa nakusifu. Nimeona watu wenye vyeo wakigawa, na mabwana shamba, na makatibu, na mimi mwenyewe, na wote tulikuwa na jicho moja kwenye kipimo na jingine kwa mkubwa aliyesimama mlangoni. Wewe macho yako yote mawili yalikuwa kazini. Sijui umeyatoa wapi. Si kwa baba yako, na ningependa kusema kwangu, lakini ni Ramadhani imepita juzi tu, sitaki kuanza kusema uongo mapema hivi.

Mwishowe Bwana Murtaza akamaliza watu wake, akatoka, akaniona benchini na uso wa mtu aliyesafiri. Akaniuliza kwa adabu nasubiri huduma gani. Yale maneno yangu niliyoyapanga kutoka Moa yote nilikuwa nayo. Nikayatazama, nikaona hayana kazi tena mle ndani. Nikasimama, nikashika goti, nikamwambia:

"N'likuja kumwombea mwanangu aliyemo chumba kile. Nimeona haombewi."

Shangazi yako anayekupenda,
Mastura